Maiki ya kwaya kwenye redio ya ridhaa

Redio yangu ya masafa mafupi ya kurusha na kupokea, Icom ya mtumba, ilinifikia Dodoma bila maiki. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ninayo, antena ya mita 20 kwa ajili ya megahezi 7 nimeshaifunga kati ya mwarobaini na nguzo ya bomba, ila sina cha kusemea.

Rafiki yangu mmoja akaniletea maiki ya Kenwood. Plagi yake ni ya duara, pini nane, na iliingia kwenye soketi bila shida yoyote. Nikakaribia kubonyeza kitufe cha kurushia. Kilichonizuia ni mchoro wa kitabu cha redio. Kwenye Kenwood pini ya 2 ndiyo ya kitufe hicho, na ukikibonyeza inaungana na eathi. Kwenye Icom pini hiyohiyo inatoa volti 8, na kitabu kinaonya usiigusishe na eathi. Kwenye Icom sauti huingia kupitia pini ya 1, kitufe ni pini ya 5 na ya 6, eathi ya maiki ni ya 7. Kwenye Yaesu za pini nane sauti iko pini ya 8. Plagi ni moja, nyaya kila kampuni na zake. Ndugu zangu, msiamini umbo la plagi.

Nikamwendea mwalimu wa kwaya ya mtaani kwetu Chang'ombe. "Shikamoo mwalimu, naomba maiki moja, Jumamosi asubuhi nitairudisha." Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nitaikata waya. Nikamwahidi sitaikata.

Kwa hiyo nikatengeneza kipande cha waya chenye soketi ya pini tatu upande mmoja na plagi ya pini nane upande mwingine. Pini ya 2 ya maiki niliipeleka pini ya 1 ya redio, na pini ya 3 kwenye ya 7. Kitufe cha kurushia kilikuwa swichi ya kengele ya mlango, ile inayorudi yenyewe ukiiachia. Jaribio la kwanza, kimya. Nilikuwa nimehesabu pini kwa kutazama mchoro wa soketi kwa mbele, huku mimi nachomea risasi upande wa nyuma wa plagi, ambako hesabu inageuka kama kwenye kioo. Nikafumua zote.

Mara ya pili mwenzangu wa Arusha alinisikia. "Kaka, unaongea kama umefunikwa blanketi," akasema. Nikachukua mita, nikapima pini ya 1 na ya 7 bila maiki: volti zipo. Redio hizi hutoa umeme mdogo hapo kwa sababu maiki zake zenyewe ni za elektreti, na hizo haziwezi kufanya kazi bila umeme. Maiki ya kwaya ni ya koili na sumaku, haihitaji umeme wa nje. Umeme wa moja kwa moja ukipita kwenye koili unaisukuma kutoka mahali pake, na sauti inafifia. Dawa yake ni kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye waya wa sauti, upande wa chanya ukielekea redio. Sauti inapita, umeme unabaki nyuma. Niliikuta ndani ya redio mbovu ya kaseti.

Sauti ikafunguka. Nilipandisha kiwango cha maiki polepole nikiangalia mita ya ALC, inayoonyesha kama sauti imezidi, nikaishia pale sindano inapocheza ndani ya alama kwa maneno ya kawaida.

Nikirusha wati 20 mambo yalikuwa safi. Nilipopandisha hadi 100, Arusha akasema nakoroma. Mawimbi ya antena yalikuwa yanarudi kupitia waya wa maiki. Kosa lilikuwa langu: ngao ya waya, zile nyuzi za nje zinazoufunika, niliichomea kwenye pini ya 7, badala ya kwenye mwili wa chuma wa plagi. Nikaihamisha, nikazungusha waya mara nne kwenye pete kubwa ya feraiti, ile inayozuia mawimbi kupita kwenye waya, niliyoitoa kwenye kifaa kibovu, nikaongeza kapasita ya nanofaradi 1 kati ya pini ya 1 na ya 7. Kukoroma kukaisha kabisa.

Jumamosi asubuhi nilichomoa maiki, nikaipeleka kwa mwalimu ikiwa vilevile. Jioni, mazoezi yalipokwisha, alinikabidhi tena mwenyewe, akaja nayo hadi nyumbani kusikiliza Arusha.