Kunguni: anza na kitanda, si godoro

Godoro linaanikwa uani tangu asubuhi, linapigwa fimbo, jioni linarudishwa ndani, na usiku huohuo watu wanajikuna. Nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, zinarudia kazi hii wiki baada ya wiki, mwisho watu wanakata tamaa na kusema kunguni hawaishi. Wanaisha. Ila wengi wao hawakutoka nje na godoro. Walibaki chumbani, ndani ya mbao za kitanda.

Kwanza hakikisha ni kunguni kweli. Usiamini ngozi peke yake, maana mbu huvimbisha na upele huwasha usiku vilevile. Kuna pia watu wanaoumwa kila siku na ngozi yao isioneshe kitu. Mmoja anaamka mkono umejaa vipele, mwenzake waliolala pamoja yuko safi, kumbe wameumwa wote wawili.

Ushahidi uko kitandani. Ondoa shuka, washa tochi ya simu, anzia mchagoni. Tazama mapindo ya godoro, halafu pale mfumbati unapoingia kwenye tendegu, matundu ya skrubu, na ncha za chaga zinapokalia ubao. Ukiona madoa meusi kama nukta za kalamu, lowesha kitambaa cheupe ufute. Doa likitanuka na kuacha wekundu wa kahawia, hicho ni kinyesi chao, damu iliyokwisha kusagwa. Karibu yake utakuta magamba makavu, na mayai meupe ya milimita 1 yaliyogandishwa kwenye mbao. Mayai haya hayadondoki kwa kupigwa wala kukung'utwa. Kunguni mzima ana milimita 5 hivi, na akiwa na njaa ni bapa kiasi kwamba ufa unaopitisha kadi ya benki unampitisha na yeye.

Usisahau chandarua: pindo la juu na vifundo vya kamba ni maskani yao wanayoyapenda. Hapa niseme jambo. Wapo wanaokitupa chandarua wakidai kinaleta kunguni. Hakileti. Vyandarua vyenye dawa vilipoanza kutumika vijijini huku kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kunguni walitoweka kabisa. Baada ya miaka kadhaa wakarudi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulionesha kuwa waliorudi wamekwisha kuwa sugu kwa dawa hizo. Malaria inaua, na kunguni hajathibitika kueneza ugonjwa kwa watu. Fua chandarua, kagua pindo, kitundike tena usiku uleule.

Usugu huo ndio unaofanya makopo ya kupuliza yasitoshe. Nyingi ya dawa hizo ni jamii moja na ile ya vyandarua, haziui mayai sawasawa, na mvuke wake huwatawanya kunguni wakahamia chumba cha pili. Dawa za shambani zinazouzwa kwenye chupa zisizo na lebo ni sumu kwa mtoto anayelala hapo. Mafuta ya taa na petroli yameshaunguza nyumba, usiyaguse.

Joto ndilo wasiloliweza. Fungua kitanda chote kwa spana na bisibisi, mbao zitoe uani moja moja. Chemsha maji yatokote, tia kwenye birika, mimina polepole, mdomo wa birika ukikaribia ufa, maana maji yanayotoka juu yanapoa kabla ya kufika. Kila tundu na kila kiungo kipate maji mara mbili. Mvule na mninga huvumilia. Mbao za kubandikwa hufura, hizo zifute na kuzikwangua tu. Anika hadi zikauke hasa, kisha ziba nyufa kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno.

Shuka, foronya na kanga ziloweke kwa vipimo viwili vya maji ya kuchemka na kimoja cha maji ya bomba, beseni lifunikwe nusu saa. Ukichanganya nusu kwa nusu, nguo zenyewe zitayapoza chini ya nyuzi 60. Kanga zinazochuja zilowekwe peke yake. Jua la Tanga ni kali lakini haliingii katikati ya godoro nene, na kunguni huhamia upande wa kivuli. Kwa hiyo mapindo yakwangue kwa brashi ngumu juu ya beseni la maji ya sabuni.

Ukirudisha kitanda, kiache mbali na ukuta kama shibiri moja, shuka lisiguse sakafu, na kila tendegu likae juu ya kigae ndani ya bakuli la maji ya sabuni. Bakuli kavu la plastiki halitoshi, kwa sababu kunguni wa nchi za joto hupanda hata plastiki laini. Maji yabadilishwe kila baada ya siku 3, yasije yakazaa mbu.

Sasa sehemu inayowaangusha wengi. Kwa joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10. Hivyo hata ukifanya vizuri, siku ya 10 hadi ya 14 fungua kitanda tena, maji tena, na baada ya wiki mbili nyingine mara ya tatu. Na kama nyumba ina vyumba vya kupanga vinavyotazamana ukumbini, wapangaji wote wafanye katika wiki ileile. Ukisafisha chumba kimoja, wa jirani watapita juu ya ukuta, darini.

Zikipita wiki 8 bila doa jipya wala kunguni kwenye bakuli, wamekwisha. Kitanda cha mtumba kigeuze hukohuko kinakouzwa, umulike matundu ya skrubu kabla hakijapanda mkokoteni.