Mikasa ya Wapiga Pembe, Leipzig hadi Moshi

Katika okestra ya ridhaa ninayopigia hapa Leipzig, Ujerumani, tuko wapiga pembe wanne (si pembe ya mnyama, bali ile ya shaba yenye bomba lililokunjwa mviringo), na kila mazoezi yanaposimama kwa ajili ya chai sisi hujitenga ili tuhadithiane mikasa. Wapiga fidla huzungumzia walimu wao na bei ya nyuzi. Sisi huzungumzia noti zilizopasuka mbele za watu. Desemba, ninaporudi Moshi kama Wachaga wote wenye nauli, huwakuta wenzangu wa kikundi cha tarumbeta cha usharika wakifanya yaleyale, tena kwa vicheko vikubwa zaidi.

Chanzo cha mikasa hiyo ni chombo chenyewe. Pembe ya okestra ikinyooshwa mikunjo yake yote, bomba lake la F (F ni jina la noti yake ya msingi) hufika karibu mita 4, yaani zaidi ya mara mbili ya tarumbeta, na sauti tunazozitumia sana ziko juu, mahali ambapo noti za asili za bomba, zile zitokazo kwa midomo tu bila kubonyeza kitufe, zimebanana. Midomo ikilegea kidogo tu, hutoka noti ya jirani badala ya ile uliyoikusudia, na ukumbi mzima unasikia. Hata mtunzi Mozart hakuwahurumia watu wa kazi hii: mwaka 1783, kwenye nota za konseto (muziki wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) aliyomtungia rafiki yake Joseph Leutgeb, aliandika kwamba amemwonea huruma huyo punda, ng'ombe na mpumbavu. Leutgeb alikuwa mpigaji hodari kwelikweli, kwa hiyo sisi wengine tujihesabu wenyewe tuko wapi.

Kisha kuna maji. Pumzi yenye joto ikikutana na shaba ya baridi hugeuka matone, nayo pembe, kwa wingi wa kona zake, hulazimika kuzungushwa huku na huku kama usukani wa Fuso mpaka yatoke. Jirani yangu wa kushoto huyamwaga juu ya kiatu changu kwa heshima zote, akiomba radhi kabla na baada. Moshi, kijana wa tarumbeta ya besi aliwahi kuyamwaga katikati ya ibada juu ya bega la mama mmoja wa kwaya, ambaye aligeuka taratibu na kumwambia, "Mwanangu, mimi nilishabatizwa."

Kuhesabu vipimo vya kimya, yaani mapigo ya kungoja zamu yako huku wengine wakipiga, nako ni kazi ya hatari, kwa sababu kila mmoja huamini kwamba mwenzake anahesabu. Hata hivyo, si kila anayeonekana kuingia kabla ya wakati amekosea. Katika simfonia (muziki mrefu wa okestra nzima) ya 3 ya Beethoven, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1805, pembe huingia wakati fidla bado hazijamaliza maneno yao, na ndivyo mtunzi alivyotaka. Mwanafunzi wake Ferdinand Ries, aliposikia hayo katika mazoezi ya kwanza, alimlaumu mpigaji kwa sauti, na kwa maelezo yake mwenyewe alinusurika kuzabwa kofi na Beethoven. Kisa hiki wapiga pembe hukipenda kupita kiasi, nami nadhani ni kwa sababu ndicho kisa adimu ambamo lawama ilimwangukia mtu mwingine.

Shangazi yangu wa Kiborloni ana swali lake la kila mwaka. Huutazama mkono wangu wa kulia ulioingia ndani ya mdomo mpana wa pembe, kisha huuliza, "Baba, kimekwama nini humo?" Nimemweleza kwamba mkono ule hulainisha sauti na kuirekebisha, hunikubalia kwa kichwa, halafu huniletea mwiko.

Lakini mkasa ninaoupenda kuliko yote ni wa uzi. Katika pembe nyingi, kila vali (kizibo kinachoielekeza pumzi kwenye bomba la ziada ili noti ibadilike) huzungushwa na kipande cha uzi kilichofungwa kwenye kitufe chake, nacho hukatika bila taarifa. Mpigaji wetu wa kwanza ulimkatikia muda mfupi kabla ya solo, yaani kipande anachopiga peke yake, ya sehemu ya pili ya simfonia ya 5 ya Tchaikovsky. Akainyakua pembe ya jirani yake, akaipiga solo salama, huku jirani akibaki na ile mbovu, amevimbisha mashavu bila kutoa sauti yoyote. Baada ya onyesho mke wa huyo jirani alimsifu mumewe kwamba hajawahi kumsikia akipiga kwa utulivu kiasi kile.

Wangu ulikatika Moshi, mkesha wa Krismasi. Nilimpelekea fundi viatu mmoja karibu na stendi, naye akaichunguza vali nyingine ambayo uzi wake ulikuwa mzima, akaufuata mzunguko wa uzi huo kwa ncha ya sindano, kisha akapitisha uzi wa nailoni aliousugua nta na kuukaza kwa meno. Hakuamini kwamba chombo chenye bei ya bajaji kinategemea kitu kama kile. Alidai shilingi 1,000. Uzi ule haujakatika mpaka leo, na wenzangu watatu wa hapa wameniagiza niwaletee Desemba ijayo, rola nzima, pamoja na nta yake.