Kuupiga picha upepo: kumbukumbu ya kipupwe, Dodoma

Juni, mwishoni

Dodoma ikifika Juni, mizula na makoti ya mtumba yanatoka kabatini na kila mtu analaumu baridi. Baridi yenyewe ni ndogo. Alfajiri ya Julai kipimajoto hushuka mpaka nyuzi 13 au 14 hivi. Mtu wa Makete, ambako miezi hii umande huganda juu ya majani, akitusikia atacheka. Kinachotutesa sisi ni upepo. Unatoka kusini-mashariki, unapekua mabati, unaingiza vumbi mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa.

Basi mradi wangu wa kipupwe hiki ni huo upepo. Nataka picha chache ambazo mtu asiyewahi kufika Dodoma akiziangalia aone kwamba unavuma, na aweze kunyoosha kidole upande unakotokea. Bendera nimejikataza, ni njia ya mkato. Mtu aliyeshika kofia kichwani pia nimemkataza, ingawa huyo huenda nikamsamehe.

Vifaa ni vile vile: Canon 600D ya mtumba, lenzi yake ya 18–55, stendi ya miguu mitatu, na filta ya kijivu ya kupunguza mwanga mara nane. Filta ndiyo kitu pekee nilichonunua kwa ajili ya mradi. Upepo hauonekani ila kwa kile unachokisogeza, na ili kisogee ndani ya picha shata, yaani pazia la kamera linalopitisha mwanga, inabidi ikae wazi kidogo. Jua la hapa halikupi nafasi hiyo bila filta. Kufunga tundu la lenzi mpaka f/22 kunawezekana, lakini picha inapoteza ukali, na kila punje ya vumbi iliyokaa kwenye kihisio inajitokeza angani kama doa.

Nimesoma masomo mengi ya kupiga picha wakati wa baridi. Karibu yote yameandikwa kwa watu wa theluji. Yanaeleza kwamba kipima mwanga cha kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu, kwa hiyo theluji nyeupe inatoka imefifia mpaka uongeze mwanga hatua moja au mbili. Ni kweli, ila kwangu hesabu inageuka. Vumbi linaonekana vizuri likiwa na jua nyuma yake na kivuli cheusi nyuma zaidi. Kamera ikiona kile kivuli inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na vumbi lote linaungua kuwa weupe mtupu. Kwa hiyo napunguza hatua moja. Vumbi lile lile ukilipiga dhidi ya anga jeupe la mchana halionekani kabisa.

Julai, wiki ya kwanza

Dodoma ina vilima vya itale kila upande, na mji umekaa katikati yao kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100. Vyenye minara, nyumba za serikali au walinzi nimeviacha. Ukikutwa huko na stendi ya kamera kabla hakujapambazuka utajieleza mpaka jua lizame. Nimechagua kilima cha mawe upande wa Miyuji ambacho wachunga mbuzi hupanda bila kuuliza mtu.

Jua mwezi huu linachelewa. Linatoka kama saa 12:45 asubuhi, zaidi ya nusu saa baadaye kuliko Novemba, kwa hiyo mpiga picha wa kipupwe analala kidogo zaidi. Likishatoka halisubiri. Huku karibu na ikweta linapanda karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu ambao watu wa Ulaya wanauandikia kurasa nzima unakuwa umeisha ndani ya nusu saa.

Jambo nililolithibitisha juu ya kilima: alfajiri kuna hali mbili za hewa kwa wakati mmoja. Chini mtaani jani halitikisiki. Usiku ardhi inapoa, inapooza hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo nzito inatulia bondeni. Kilele cha kilima kinatokeza juu ya tabaka hilo, kwa hiyo huko upepo unakesha. Nimekaa nimejikunyata na mzula umefika kwenye nyusi, huku chini yangu moshi wa mkaa na kuni umelala juu ya mitaa kwa mstari mmoja ulionyooka, haupandi wala hauendi. Jua likishapasha ardhi moto, kama saa 3 hivi, moshi unavunjika na upepo wa juu unashuka mjini.

Nina picha ya huo moshi, na mbele yake nyasi za kileleni zilizolala upande. Tulivu na upepo katika fremu moja. Ni nzuri, lakini inahitaji maelezo, na picha ya kuelezewa haijafika.

Julai, katikati

Hii wiki nimekaa na mwelekeo, na nadhani ndiyo kazi muhimu kuliko zote hadi sasa.

Julai jua halitoki mashariki kamili. Linatoka limeegemea kaskazini, na linazama magharibi limeegemea kaskazini vile vile. Hata saa sita mchana kivuli chako kinaangukia kusini. Upepo unatoka kusini-mashariki. Ukilitazama jua linalochomoza, upepo unakupiga shavu la kulia. Nyasi, vumbi, moshi, kila kitu kinakatiza fremu kutoka kulia kwenda kushoto. Ukilitazama jua linalozama, upepo uko kisogoni mwako, na kila kitu kinakukimbia kwenda mbele. Kitu kinachokukimbia hakiachi mstari kwenye picha, kinapungua ukubwa tu.

Ndiyo maana picha zangu za jioni zina rangi nzuri na hazina upepo. Za asubuhi zina upepo hata ambapo sikuutafuta. Jioni nimeiachia kazi moja: mbuzi wanaporudi vumbi lao linakwenda mbali na kamera, kuelekea juani, na hapo naweza kubadili lenzi bila kuogopa.

Kuhusu stendi. Nguzo ya katikati siipandishi kabisa. Miguu naifungua sana ikae chini, nami nakaa chini upande wa upepo niwe ukuta. Watu hushauri kutundika begi katikati. Sawa, ila begi lazima liguse jiwe, likining'inia linabembea na kamera inabembea nalo. Mkanda wa shingoni nauvua, maana unapigapiga kama tanga lililolegea. Kizuia mtikisiko cha lenzi nakizima, shata naipa sekunde mbili za kusubiri. Jiwe la itale lina faida yake: halititii.

Na mbuyu. Kila mpiga picha wa Dodoma ana mbuyu wake, mimi nilikuwa najizuia nisiufuate. Lakini kipupwe mbuyu umepukutisha majani yote, matawi yake manene hayayumbi hata kidogo, na kwa mradi huu hiyo ni hazina. Kuna mmoja baada ya Mpunguzi, barabara ya Iringa, umesimama peke yake kwenye nyasi kavu zinazofika magotini. Tundu f/11, ISO (wepesi wa kihisio kupokea mwanga) 100, filta, nusu sekunde. Mbuyu umetoka mkali mpaka mikunjo ya gome, nyasi chini yake zimekuwa maji. Mtu niliyemwonyesha aliuliza kama ni mafuriko, nikajua nimezidisha. Kwa 1/8 ya sekunde nyasi zinabaki nyasi.

Julai, mwisho

Mlowa, mbele zaidi kwenye barabara ile ile. Nilikuwa nafuata kilima, nikaishia kwenye uwanja wa nyumba.

Akina mama wawili walikuwa wanapepeta uwele. Nilianza na "Mbukwenyi", na Kigogo changu kinaishia hapo, kwa hiyo tukahamia Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?"

Nikaeleza kwamba natafuta kupiga picha upepo. Alinitazama, kisha akamgeukia mwenzake. "Wifi, huyu katoka mjini anatafuta upepo." Walicheka mpaka ungo ukawekwa chini.

Niliomba ruhusa ya kupiga, wakakubali kwa sharti kwamba nisafishe picha na kuzileta zikiwa za karatasi, si za kwenye simu. Kisha yule mkubwa akanipanga. Nilikuwa nimesimama upande makapi yanakokwenda. "Hapo utawashwa mpaka kesho," akasema, na kweli, vumbi la uwele likiingia kwenye kola ya shati hulali. Nikahamia nyuma yake, nikaona makapi yananikimbia, habari ile ile ya jioni. Mwisho nikachuchumaa ubavuni, jua likiwa mbele yangu na mlango wa tembe ukiwa nyuma yao. Ndani ya tembe mchana ni giza tupu. Kivuli nilichokuwa nakitafuta mwezi mzima kilikuwa mlango wa mtu.

Wao upepo wanausoma. Mama ananyanyua ungo juu ya kichwa na kutulia. "Bado." Anatazama ng'ambo ya shamba, kwenye mabua yaliyobaki baada ya mavuno. Mabua ya mbali yakiinama anasema, "Unakuja," anaanza kumwaga taratibu, na ndani ya pumzi moja upepo unafika uwanjani. Mimi niliyebeba programu ya hali ya hewa kwenye simu sikuwa na cha kuongeza.

Kwa 1/500 makapi yalikuwa vidoa vilivyotawanyika, kama uchafu kwenye lenzi. Kwa 1/15 ungo na mikono vilipotea pia. Niliishia 1/60, na mwanga nimeupunguza hatua moja kwa sababu ya ule mlango mweusi. Punje zimeshuka kwa vistari vifupi karibu wima, makapi yametoka kwa vistari virefu kwenda kushoto. Kizito kinaanguka, chepesi kinachukuliwa. Yeyote akiitazama anajua upepo uko wapi, una nguvu kiasi gani, na kwa nini watu hawa wanauhitaji. Nilikuja na wazo kwamba upepo ni adha. Kwenye uwanja ule ni kibarua asiyelipwa, na akichelewa kazi inasimama.

Agosti

Nanenane imepita. Viwanja vya Nzuguni vilikuwa na vumbi la kutosha na bendera za kutosha. Sikupiga.

Nimekwenda Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa. Barabara ni lami siku hizi mpaka Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na mwanaakiolojia Mary Leakey aliichunguza na kuinakili miaka ya 1950. Unajiandikisha kwenye ofisi ya pale Kolo, unapewa mwongozaji, mnapanda. Hakuna kuwasha flashi. Stendi, ISO ya chini na shata ndefu vinatosha, maana chini ya mwamba mwanga ni laini na sawasawa. Wanyama na watu wa rangi nyekundu wamefifia, lakini ukipunguza mwanga kidogo wanajitokeza.

Kwa mradi wangu hapakuwa na kitu pale. Chini ya mwamba tulioingia palikuwa shwari kabisa, hata karatasi ya pipi ingebaki ilipo. Nilikaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu hiyo. Nje ya kimvuli, miti ya mteremkoni ilikuwa inapelekwa huku na huku na nyika imetanda upande wa mashariki. Nimeipiga kutoka ndani, ukingo wa mwamba ukiwa fremu. Mwongozaji alisema kila mgeni anapiga hiyo, namwamini.

Njiani kurudi nilishuka kwa ajili ya makorongo. Milima ya Kondoa ililiwa sana na mmomonyoko, ndiyo sababu mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979. Jua la jioni likipita ubavuni mwa korongo, kila mkato unapata kivuli chake. Ni kazi ya maji, si ya upepo, kwa hiyo imekwenda folda nyingine.

Agosti, mwishoni

Picha za Mlowa zimesafishwa na kupelekwa. Mama alizikagua moja moja, akachagua ile ambayo uso wake unaonekana vizuri, yenye 1/500, ambayo mimi niliitupa. Ya makapi yenye vistari alimpa wifi yake. "Hii si mimi, huu ni upepo," alisema. Sikubishana naye, nilikuwa nimepata nilichotaka kusikia.

Safari ya mlima Hanang naisogeza mpaka mwakani. Mlima wa mita zaidi ya 3,400 una baridi ya kweli, ile ya betri kuishiwa nguvu mapema kwa sababu ya ubaridi mpaka uzilaze mfukoni karibu na mwili, na ningependa kwenda na mwenzangu.

Kilichobaki ni chamchela, ule upepo wa kuzunguka unaosimamisha nguzo ya vumbi. Nilidhani ni watoto wa upepo mkali, kumbe chamchela inataka karibu kinyume chake: uwanda tambarare, ardhi iliyochemka mchana, na upepo mdogo. Upepo mkali unaivunja kabla haijasimama. Kwa hiyo lazima nisubiri kipupwe kilegee, Septemba kwenda Oktoba, na niende Bahi, ambako uwanda ni mpana na unaiona ikija kutoka mbali. Hapo filta haina kazi, nataka shata ya haraka na lenzi ndefu ya kuazima. Shida ni usafiri. Bado sijapata mtu wa bodaboda anayekubali kukaa juani saa 7 mchana akisubiri vumbi lisimame. Aliyekubali anataka nauli ya kufika Manyoni.