Tulivyoshuti filamu ya kijana shahidi hapa Busia bila pesa

Watu wananiuliza sana ile filamu ya kijana anayefichwa tuliifanyaje na hela yenyewe haikuwepo, basi wacha nieleze maana kuna vijana huku mpakani mwa Uganda na Kenya wana stori nzuri kabisa na wamekaa tu wanangoja mfadhili.

Stori ni hii. Kijana wa miaka 15, anasoma S2 (kidato cha pili) Kampala, anaona mtu akipigwa risasi na aliyepiga anamjua sura. Afande mwenye kesi anamleta Busia kwa mama mmoja, wanampa jina jipya, wanasema ni mtoto wa marehemu kaka yake huyo mama, akae kimya mpaka siku ya kwenda kortini. Basi. Hakuna gari kulipuka, na bunduki niliitoa kabisa kwenye skripti, maana ukionekana hapa barabarani na bunduki hata ya plastiki utaenda kuielezea kituoni.

Kilichonisaidia zaidi ni kusoma kwanza mambo haya yanaendaje kweli. Programu ya Marekani ya kulinda mashahidi ilitokana na sheria ya 1970, wanaosimamia ni U.S. Marshals, maafisa wa usalama wa serikali kuu, na wao husema wameshalinda zaidi ya watu 19,000, mashahidi na familia zao, na katika waliofuata masharti hakuna aliyeuawa. Nilipofika hapo kwenye masharti nikasema filamu ndiyo hii. Usipige simu nyumbani, usirudi ulikotoka, usitaje jina lako la zamani. Mtu mzima atajikaza, lakini mtoto wa miaka 15 mwenye simu mkononi na marafiki wote kawaacha Kampala, huyo atavumilia mpaka lini? Jirani zetu Kenya wana sheria yao tangu 2006, sisi Uganda mswada umeongelewa miaka na miaka na wakati naandika ulikuwa haujapita, kwa hiyo afande wangu hana nyumba ya serikali wala bajeti, anamficha mtoto kwa pesa ya mfukoni mwake, na hilo likanipunguzia gharama mimi na likamwongezea mtazamaji wasiwasi.

Sasa huo wasiwasi ndio nataka mushike. Huku kwetu mtu hafichiki. Ukihamia tu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anataka kujua wewe ni nani, shuleni wanataka matokeo ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na majirani hawana hata nia mbaya, wanakusalimia tu, mtoto wa nani wewe, ukoo gani, mama yako katokea wapi. Scene ninayoipenda kuliko zote ni ya mama wa chapati. Anakanda unga, hata hamtazami mtoto, anasema kwa upole, "Mwanangu, marehemu baba yako tulisoma naye mimi. Mbona hakuwahi kuniambia ana kijana mkubwa hivi?" Kijana ameshika rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, ya moto kwenye gazeti, mafuta yanaloanisha karatasi yanafika mpaka vidoleni, na hajibu. Kamera tukaiacha hapo kwenye mikono tu. Scene nzima imekula bei ya unga na mayai.

Vifaa vilikuwa simu mbili, moja inashuti na nyingine inarekodi sauti imefichwa karibu na anayeongea, na kabla ya kila shoti mtu anapiga kofi moja ili kwenye kuedit sauti na picha vishikane. Mwanga ni mlango uliofunguliwa na shuka nyeupe upande wa pili, usiku balbu za kuchaji kwa sababu stima haina ahadi. Mvua ikipiga mabati munasimama, hakuna dawa. Ila malori sikuyafukuza, yanapanga foleni ya mpaka usiku kucha na injini zinanguruma, nikayaingiza kwenye stori, kila lori likisimama nje kijana anaacha kula anasikiliza, na hiyo inatisha kuliko muziki wowote ambao ningeununua.

Halafu jambo moja sikulegeza, yule anayeigiza ni mtoto wa watu. Tulishuti likizo, mama yake alikaa nasi mwanzo mpaka mwisho, barua ya mwenyekiti ipo mfukoni, na scene ya kijana kupigwa niliifuta, tunasikia tu mlango unafungwa na shangazi, yule mama anayemficha, anaita jina lake la kweli, jina ambalo hakutakiwa kabisa kulijua.

Tulipoionyesha kwenye kibanda cha video, kufika kwa mama wa chapati watu wakapiga kelele "usimjibu! usimjibu wewe!" Mwenye kibanda akaomba airudie Jumapili baada ya mpira, tukagawana pesa ya mlangoni nusu kwa nusu, na hiyo ndiyo tuliyolipia memori kadi za kukopa, na yule mama, ambaye ni muuza chapati kweli pale stendi, akalipwa wa kwanza.