Siku moja mezani: konokono wa maji baridi, walioishi na waliotoweka

Saa 2:00 asubuhi. Kilo moja ya udongo wa ziwa la kale imelala ikikaushwa kwa nyuzijoto 40. Lazima ukauke kabisa kabla ya kulowekwa: udongo mkavu ukipata maji hupasuka wenyewe na kuachia magamba, mbichi hubaki donge. Maji matupu yanatosha. Asidi haikaribii, hata siki. Gamba ni kalisi kaboneti, litayeyuka.

Saa 4:00. Kuchekecha. Chekeche la juu lina matundu ya milimita 2, la chini nusu milimita. Maji yapite taratibu, maana yakija kwa nguvu yanavunja midomo ya magamba, na mara nyingi mdomo ndio unaonitambulisha spishi.

Saa 6:00 mchana. Hadubini na brashi nyembamba iliyoloweshwa. Nahesabu ncha peke yake: gamba lina ncha moja, hivyo hata likivunjika vipande vitano linahesabiwa mara moja. Kisha naligeuza, ncha juu, mdomo unitazame. Mdomo ukiangukia kushoto, kama wa Bulinus, yule mbeba kichocho, tayari nimepunguza orodha ya wanaowezekana. Gamba lililosuguliwa likang'aa, lenye rangi tofauti na wenzake, naliweka kando. Huenda limesombwa kutoka tabaka la zamani zaidi, na likichanganywa na haya litarefusha maisha ya spishi kwa uongo.

Saa 8:00. Vipimo: kimo, upana, idadi ya mizunguko. Hapa huwa namkumbuka Franz Hilgendorf, mtaalamu wa visukuku. Mwaka 1866 alipanga konokono wadogo wa Steinheim, Ujerumani, tabaka kwa tabaka, akachora mti wa ukoo wao: magamba bapa yakizaa marefu, ndani ya ziwa lililojaa shimo la kimondo. Ila umbo peke yake halithibitishi spishi mpya, kwani chumvi na kina cha maji navyo hubadili gamba.

Saa 10:00 jioni. Jedwali. Gamba la mwisho kuonekana si konokono wa mwisho kuishi. Aliye adimu hukosekana kwenye sampuli mapema kuliko alivyokufa. Konokono Leptoxis compacta wa mto Cahaba, Alabama, Marekani, alitangazwa kutoweka mwaka 2000, akapatikana hai 2011. Wengi wa jirani zake wa mto Coosa hawakurudi. Mabwawa yaliyojengwa kati ya 1914 na 1967 yaligeuza maporomoko yenye mawe kuwa maji yaliyotuama juu ya tope. Konokono hawa hukwangua mwani kwenye mawe na kubandika mayai hapo hapo. Jenasi nzima ya Gyrotoma ilikwisha. Inaniuma kila ninapoandika jina hilo.

Saa 11:30. Magamba yanaingia vichupa vya kioo, kamwe si droo ya mwaloni: mvuke wa asidi wa mti huo huyatoa unga mweupe hadi yakamumunyuka. Lebo kwa penseli: mahali, tabaka, kina kwa sentimita. Sampuli ya sentimita 10 juu yake inaingia kukaushwa.