Siku yangu ya kwanza kurudi kwenye visu baada ya ile Land Rover

Saa 11 alfajiri nishaamka, mwili bado unadhani kuna gari linanisubiri. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa na Land Rover 109 ya mzee mmoja wa Kigamboni, bodi nzima kwa sababu ni aluminiamu, ila chesisi ya chuma ilikuwa imeliwa na kutu mpaka kidole kinapita, na mzee anataka rimu pana, siti za ngozi, rangi ya maziwa. Imeondoka juzi. Leo nina oda moja tu, dogo anayepara samaki pale Feri, ananidai kisu tangu kabla hata ya hilo gari na kila nikikutana naye namwambia Alhamisi.

Saa 1 na nusu niko Keko. Nawasha mkaa, blowa inanguruma, fuawe yangu ya kugongea chuma ni kipande cha reli. Chuma ninacho, zile springi kuukuu za nyuma, za majani ya chuma bapa, nilizotoa kwenye 109, mzee kaniachia bure. Springi inashika makali vizuri, nondo hata uifue mwaka mzima haikupi kitu.

Saa 3 ndo nimejua mkono umesahau. Chuma kikiwa cha machungwa unagonga, kikishuka kuwa chekundu kilichofifia unarudisha motoni, mimi naendelea tu kugonga kama nanyoosha madigadi, dakika ishirini kiganja kimetoa lengelenge. Fundi seremala wa jirani ananicheki tu, "oya fundi, umezoea spana wewe". Kweli.

Saa 6 umeme ukakata, blowa kimya. Wali maharage kwa mama ntilie, nikarudi na kipande cha mninga nilichoomba kwa yule seremala, cha mpini.

Saa 8, umeme umerudi, kazi yenyewe sasa. Visu viwili vishapata umbo, nimevipitisha grenda, nakiingiza cha kwanza motoni huku nakijaribu na sumaku, maana chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku inaacha kushika, hapo unaongeza moto kidogo halafu unazamisha kwenye mafuta ili kikaze. Mafuta yangu ni makuukuu ya jamaa wa chipsi, kwa hiyo karakana nzima inanukia kiepe. Nikazamisha. Moshi, halafu nikasikia ti! Kadogo hivyo, lakini aliyewahi kuisikia hahitaji kuambiwa. Ufa, umetoka kwenye makali mpaka katikati.

Na kosa ni langu. Springi imebeba mzigo miaka na miaka, inakuwa na nyufa ndogo ndogo ambazo hazionekani mpaka chuma kipate mshtuko wa kupoa ghafla. Zamani nilikuwa nasugua jani lote kwanza, nakagua kwenye mwanga, na karibu na lile tundu la boliti la katikati sigusi kabisa. Leo nimekata hapo hapo. Gari limeniharibu, kwenye bodi ukikosea unapaka puti, unapiga msasa, rangi inafunika na mteja anakupa mkono. Kisu utakipaka puti wapi?

Cha pili kilitoka kwenye ncha ya jani, nikakikagua mara tatu mpaka seremala akacheka. Kikazama, kimya. Nikapitisha tupa kwenye makali ikateleza kama juu ya kioo, nikajikuta napiga kelele peke yangu.

Saa 12 na nusu nyumbani Tandika. Kikiachwa hivyo kikidondoka kinapasuka kama sahani, lazima kirudishwe kwenye joto, nyuzi 200, masaa mawili, kipoe, halafu tena masaa mawili. Oveni ni ya mama watoto.

"Baba Asha, hiki chuma kinanuka chipsi humu ndani ni nini?"

Saa 2 usiku dogo wa Feri kapiga.

"Fundi shikamoo, vipi kisu?"

"Marahaba. Kipo motoni mdogo wangu, njoo Alhamisi."

Kimya kidogo.

"Alhamisi ya mwaka gani, kaka?"