"Eeh" ya Mwalimu

Neno lenyewe lilikuwa "eeh". Si ile ya kuuliza, wala ile ndefu ya kumchochea mtu anayekupa umbea. Hii ilikuwa fupi, ya chini, kama mtu anafunika daftari. Limetoka Jumamosi, leo ni Jumanne usiku, na bado naosha nalo vyombo.

Mtachoka, mbwa wa Baba, amehama. Nyumba ya Tabata imeuzwa, tumesaini Alhamisi, Kaka alikuja kutoka Mwanza akasaini akaondoka siku hiyohiyo, Mama yuko Moshi kwa Mama Mdogo, na ofisini wamepunguza watu wanne. Mimi mnanijua, chumba na sebule Sinza, na mwenye nyumba wangu hataki hata kuku.

Kaka alitaka achomwe sindano yaishe. "Kipofu, ana miaka 13, unamhangaikia kama bi harusi." Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyo, hata msibani kwa Baba yeye ndiye aliyekuwa anahesabu viti. Lakini nilinuna, na nikiwa nimenuna huwa nafanya kazi vizuri. Wiki tatu nimekuwa dalali. Hapa Dar kiwanja kina dalali, frem ina dalali, hata makaburi naamini yanao, ila mbwa kipofu hana. Kila niliyempigia aliuliza swali moja: mkali? Kijana mmoja mwenye saiti Goba akaniambia, "Dada, haoni, sasa mwizi atamwonaje?" Nikamweleza kwamba mbwa anamjua mtu kwa pua na masikio kabla ya macho, kwamba huyu uani kwetu alikuwa anazunguka usiku kucha bila kugusa ukuta, kwamba mgeni akishika geti tu anajua si wa nyumbani. Akasema atafikiria. Mtu wa Dar akisema atafikiria ujue ameshamaliza kufikiria.

Mwalimu nilimpata kwa daktari wa mifugo, yuleyule aliyetuambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba kwa umri ule tusihangaike na mambo ya kumpasua. Ni mstaafu, anakaa Kibada peke yake, mbwa wake alikufa kabla ya mvua za masika. Kwenye simu aliuliza vitu ambavyo hakuna aliyeviuliza: maji yake yanakaa upande gani, anashtuka akiguswa bila kusemeshwa, chanjo ya kichaa alichomwa lini. Cheti nilikuwa nacho. Hilo nilijibu kwa madaha kabisa.

Jumamosi tukakodi kirikuu. Dereva alitaka tukae wote wawili nyuma, mimi na mbwa, maana ndani "atamtapikia". Sawa. Nikakaa juu ya gunia na gauni langu la ofisini. Barabara ya Mandela yote kalala. Buguruni, ambako nilitegemea pua yake ingechanganyikiwa, hakuinua hata sikio. Tulipopanda Daraja la Nyerere akasimama, miguu inayumba, pua juu, upepo unamlaza masikio nyuma. Ndipo nikagundua kwamba mbwa huyu ameishi Dar es Salaam miaka 13 na hajawahi kufika baharini. Baba hakuwa mtu wa bahari.

Kwa Mwalimu ua umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Ndoo zote alikuwa ameziondoa njiani. Mbele ya ngazi ametandika kipande cha mkeka, ili mguu ukikanyaga ujue kuna kupanda. Akamshika kamba, akamzungusha ukutani pole pole, mara ya kwanza, mara ya pili, anaongea naye muda wote kama anamwonyesha mwanafunzi mgeni choo kilipo. Mimi nimesimama na mfuko wa dagaa na blanketi lake ambalo Mwalimu alinikataza kulifua, lije na harufu ya kwao.

Halafu akaniuliza, "Anaitika sauti ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Sijui kwa nini. Hakuna aliyenilazimisha.

"Haya, mwite."

"Mtachoka!" Kimya. "Mtachoka, njoo! Njoo baba!" Nilitoa mpaka sauti ya kubembelezea watoto wa watu. Yeye yuko kwenye shina la mfenesi, ananusa, mkia haujacheza hata kidogo.

"Eeh," akasema Mwalimu. Akanipokea mfuko wa dagaa.

Nimeshaandika majibu mengi. Ningesema "safari imemchosha", na kwa jina lake ungekuwa utani mzuri sana. Umenijia jana kwenye mwendokasi, siku mbili nyuma ya wakati. Ningesema "ya Baba", hapo angenionea huruma na maongezi yangeishia hapo. Ningesema "sijui, Mwalimu", ambalo ndilo jibu. Nilikuwa naenda Tabata Jumapili moja moja. Kila mwisho wa mwezi nilituma hela ya dagaa na unga, na Mama alikuwa ananijibu "imefika, mbwa anashukuru", nami nikawa naamini kabisa kwamba mbwa anashukuru. Nimempigia Mama kumuuliza huwa anaitika kwa nani. Kasema, "Huyo? Tangu baba yako aondoke haitiki mtu."

Basi jana nimeenda kukabidhi funguo na kuchukua yale masufuria ya shughuli. Bi Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta. "Mmempeleka wapi?" Nikamwambia Kibada. Akasonya. Nikamsimulia yote, mpaka "eeh". Alianza kucheka, akashika ukuta kwa mikono miwili.

"Mwanangu, yule haitiki jina. Jina lile baba yako aliliweka kwa ajili yangu mimi! Tulipogombania mpaka wa kiwanja. Nafuturu hapa nasikia, 'Mtachoka! Mtachoka!' Unadhani mimi ningelitamka?"

Ugomvi wa mpaka nilikuwa naujua. Nisichokijua ni kwamba tangu mbwa akiwa mdogo, ukuta bado mbichi, Bi Jirani kila jioni anagonga sufuria kwa mwiko, ko ko, mara mbili, halafu vichwa vya samaki na ukoko vinaruka upande wa pili. Kumgusa hamgusi. "Nitaosha mara saba, moja na mchanga, kila siku? Lakini kichwa cha samaki kinajirukia chenyewe." Baba alikuwa anajua? "Baba yako alikuwa anakaa pale kwenye kigoda, ananitazama. Siku nikichelewa anakohoa."

Sikuweza kusema kitu. Nikampigia Mwalimu palepale, nikaweka sauti ya nje. Shikamoo, marahaba, nikamwambia, Mwalimu, chukua sufuria, gonga kwa mwiko mara mbili. Tukasikia anatafuta, mlango, maji yanamwagwa. Ko ko. Halafu kimya kidogo. Halafu kucha kwenye sementi, za haraka, zile za zamani, na kitu cha bati kikaanguka kwa kelele.

"Ngoja nimpe kwanza," akasema Mwalimu, akakata simu.

"Asimpe mifupa ya kuku!" Bi Jirani akapaza sauti kwa simu iliyokwisha kukatwa. Tumekubaliana nimpeleke Kibada Jumapili moja. Anataka aende na sufuria yake, anasema si kila sufuria ina sauti ile.

Nimecheka peke yangu hadi Sinza, mpaka konda akaniuliza kama nina chenji au nina wazimu. Leo nzima nilikuwa sawa. Ni sasa tu, usiku, mikono ikiwa kwenye povu, ndipo "eeh" imerudi.

Na kesho ofisini nahamia meza ya mmoja wa wale wanne. Droo ya chini imefungwa, funguo haijulikani ilipo, na ukiisukuma meza kuna kitu kinabingirika ndani. Wanasema nimwite fundi aivunje. Namba ya aliyekuwa na meza ninayo, nimeitazama jioni yote. Sijui kama ni vizuri kumpigia mtu wiki ileile aliyopunguzwa.